Ozella Aliomba Yote

Katika mji wa Harlow Creek, Alabama, siku ya uchaguzi watu walijua kwamba vituo vimekaribia kufunguliwa pale walipomwona Profesa Arletha Crowder akishuka ngazi za baraza yake. Alivaa suti ya buluu, kofia yenye utepe na glavu nyeupe. Kanisani hakuvaa hivyo. Mchungaji aliwahi kumtania kwamba Mungu naye angefurahi kuziona hizo glavu, akajibiwa kwamba Mungu hajawahi kumfungia mlango. Hatua chache nyuma yake alikuja mdogo wake, Ozella Pettway, amebeba mkoba wa wote wawili na amevaa chochote alichokiokota kabatini.

Habari hii ni ya huyo wa nyuma. Arletha ameshaandikiwa vya kutosha. Vyuo vikubwa vya kaskazini vina picha yake ukutani, na vijana waliozaliwa juzi wanasomea shahada kwa mawazo yake. Ozella hana picha kwenye ukuta wa mtu. Alipika katika jiko la shule ya msingi mpaka magoti yakagoma, akamzika mume, akamlea mtoto mmoja aliyekwenda zake Detroit, na siku zote hizo alikuwa mdogo wake Arletha. Ukimuuliza mtu wa hapa Ozella ni nani, ndivyo atakavyokujibu.

Hakulalamika. Mama yao alikufa Ozella akiwa bado ananyonya, na shangazi mmoja akapendekeza mtoto agawanywe, akae kwake wakati wa shule na kwa Arletha wakati wa pamba. Arletha, msichana wa miaka kumi na minne, alisema ndugu hachukuliwi nusu. Akamchukua mzima. Maneno hayo yaligeuka sheria ya nyumba, na Ozella aliyakuta kabla hajajua kusema.

Arletha alipomaliza chuo cha watu weusi cha hapa karibu, alikwenda mahakama ya kaunti kujiandikisha kupiga kura. Wakati ule msajili alikuwa na mtihani wake, na mtihani ule ulikuwa na kazi moja tu, kuwaangusha watu wa rangi yetu. Alimuuliza katiba, akaijibu. Akamtaka ataje mahakimu wote wa kaunti, akawataja. Msajili akasema jina la mmoja amelitamka vibaya, na huyo mmoja alikuwa shemeji yake msajili. Arletha akapanda basi kwenda kaskazini, akasoma mpaka akawa daktari wa sayansi ya siasa, akarudi na shahada yake mkobani, na msajili yuleyule akamwangusha tena.

Mtu mwingine angerudi kaskazini kula maisha. Yeye aliketi kwenye benchi ndani ya jengo lile la mahakama, mbele ya madirisha ya kodi na leseni na hati za mashamba, akakaa hapo kiangazi kizima na kilichofuata, akitazama watu wanavyoomba na wanavyojibiwa. Walimfukuza, akarudi. Wataalamu wenzake siku hizo walikuwa wakisoma katiba na hotuba za maseneta. Yeye alisoma foleni. Akaandika kwamba maskini hajui serikali ya Washington. Serikali anayoijua ni dirisha, na mtu aliyeketi nyuma ya dirisha. Akaandika pia kwamba woga uliofundishwa pale dirishani hauondoki sheria inapobadilika. Mtu aliyezoea kupunjwa haulizi kitu, alisema. Huomba yote kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa anajua atapewa nusu, kisha huondoka upesi kabla hawajabadili mawazo.

Kabla yake hakuna aliyeona kama hayo ni ya kusomwa. Baada yake wamekuwa wakiyasoma kila mahali. Ozella aliyasikia mezani akikaanga kuku, akiosha vyombo, akisuka nywele, mpaka yakawa kama sauti ya friji. Yaliingia sikio hili yakatokea lile. Wanafunzi wa dada yake walitoka wakawa mameya na mawakili na wasimamizi wa vituo vya kura. Sheria ilipopita Washington na mtihani wa msajili ukafutwa, Ozella alitoka kila uchaguzi akapiga kura kwa sababu alishikwa mkono.

Na kila asubuhi iliyofuata uchaguzi, kabla ya kuuliza nani kashinda, Arletha aliingia jikoni na swali moja. "Kura zetu zilihesabiwa?"

"Kwani ulidhani wamezila?"

"Wamewahi kuzila," Arletha alijibu, kisha akaipigia simu mahakama na kuwataka wamsomee hesabu ya kituo chetu. Walimchukia. Walimsomea.

Kusahau kulianza na vitu vya kuchekesha. Miwani kwenye jokofu, mbwa wa jirani kuitwa jina la mkuu wa chuo, jambo ambalo Ozella aliliona lina ukweli wake. Halafu kicheko kikakatika. Sufuria iliungua mpaka ukuta ukaingia moshi. Asubuhi moja ya Januari askari alimrudisha nyumbani akiwa na gauni la kulalia. Alikuwa amemkuta kwenye benchi la mahakama, anatetemeka, anangoja madirisha yafunguliwe.

Ozella alijikaza kisabuni. Alimwogesha, alimlisha, alilala na jicho moja wazi. Lakini benki ilikataa kumruhusu aguse pesa za dada yake hata za dawa, hospitali ikakataa kumwambia majibu ya vipimo, na kila alipofika dirishani aliambiwa yeye si mhusika. Mwanawe Terrell alipiga simu kutoka Detroit akamwambia asijidanganye.

"Mama, wewe ndiye utakayetangulia kufa. Nenda mahakamani ukapewe ulezi wa mama mkubwa, haki ya kuamua badala yake. Ukiwa na karatasi hawatakusumbua."

Ndiyo akaenda kwa wakili, kijana wa Kizungu aitwaye Haskew, mwenye ofisi juu ya duka la dawa. Alikuwa na adabu, alimvutia kiti. Akamweleza kwamba hakimu anaweza kumpa ulezi wa sehemu, yaani wa mambo fulani tu kama matibabu na pesa, au ulezi kamili. Akamuuliza anataka upi.

Ozella alijiona kama yuko mbele ya mwalimu. Kiti kilikuwa laini, hapakuwa na kioo kati yao, lakini kwake lile lilikuwa dirisha. Akawaza, nikiomba sehemu watanipa sehemu ya sehemu. Nitarudi tena kuomba ya dawa, na tena ya kufuli la mlango, na kila nikirudi nitaambiwa mimi si mhusika. Na tangu lini ndugu akachukuliwa nusu?

"Kamili," akasema. "Naomba yote."

Haskew alimuuliza kama ana uhakika, na kama ana swali lolote. Ozella alikuwa na maswali tele. Akasema hana. Akashuka ngazi haraka na magoti yake mabovu, na alipofika chini alijiona shujaa. Alikula kipande kizima cha keki siku hiyo kujipongeza, masikini wa Mungu.

Daktari wa mahakama alikuja nyumbani kumpima Arletha akili. Aliketi kwenye sofa ya Ozella, akakubali chai ya baridi, akasema atauliza maswali mepesi tu. Arletha alikunja mikono. Aliulizwa mwezi huu ni wa ngapi, akakosea kidogo. Kisha daktari akauliza rais wa sasa ni nani.

Arletha alivua miwani. "Nani kakutuma? Msajili?"

"Hapana, mama. Ni maswali ya kawaida tu."

"Na yeye alisema hivyohivyo. Kijana, mtihani umefutwa. Sheria imeshapita, mimi nilikuwepo. Sijibu tena mtihani wa mtu yeyote ili nihesabiwe mtu."

Daktari akaandika. Ozella alitaka kumwambia kwamba sehemu kubwa ya maneno yale ni kweli tupu, kwamba mtihani ulikuwepo na umefutwa, na kwamba wazimu hauna kumbukumbu nzuri namna hiyo. Lakini mtu yule, ingawa ameketi juu ya sofa yake anakunywa chai yake, alikuwa nyuma ya dirisha. Akamwongezea chai.

Kesi ilikwisha upesi kuliko ibada ya katikati ya wiki. Hakimu alishuka akamshika Arletha mikono yote miwili, akamwambia alipokuwa chuoni alisoma kitabu chake na kilimbadilisha. Arletha akamuuliza kilimbadilisha kuwa nini, na watu wakacheka. Kisha hakimu alirudi kitini akasoma uamuzi kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mbolea, haki hii inaondoka, na hii, na hii. Ozella hakuweza kusikiliza. Arletha alikuwa amesimama anataka kutoa hoja ya utaratibu, naye alikuwa akimvuta sketi aketi, anamnong'oneza anyamaze, anamwomba Mungu yasiharibike. Hayakuharibika. Kwa mara ya kwanza katika ukoo wa Crowder mtu aliomba yote katika jengo lile, akapewa yote.

Na kiangazi kile kilikuwa kizuri. Benki ilifungua mkono. Dawa zililipwa, fundi alitia kufuli la juu mlangoni, akaja mama mmoja kusaidia mchana. Ozella alilala macho yote mawili. Jioni walikaa barazani wakimenya maharage, na Arletha aliwafundisha wapita njia historia ya mabaraza ya miji, wasiotaka na wanaotaka. Ozella alimwambia Terrell kwenye simu kwamba hilo ndilo jambo moja maishani alilolifanya mwenyewe na likafaulu.

Kisha ikaja Novemba.

Arletha hakujua kama ameshakula. Hakujua kwamba mume wa Ozella amekufa. Aliuliza yuko wapi, akaambiwa kazini. Lakini asubuhi ya uchaguzi Ozella alimkuta ameketi kitandani, suti ya buluu imefungwa vifungo vyote na hakuna kilichokosewa, kofia kichwani, glavu mkononi, mguu mmoja unagonga sakafu kwa subira iliyokwisha.

"Umechelewa," alimwambia mdogo wake. "Na hiyo sweta ni ya kuchomea takataka."

Ozella alicheka mpaka akafuta machozi. Ulikuwa umepita muda mrefu hajatukanwa vizuri hivyo.

Kituo kilikuwa katika ukumbi wa kanisa la Mount Nebo. Foleni ilifunguka kumpisha Profesa, akakataa, akasimama nyuma kama kila mtu. Mzee Lemuel, fundi viatu, akamtania kwamba leo kakawia, alidhani kahamia chama kingine.

"Tangu lini ukaanza kudhani, Lemuel?" Arletha akamwuliza, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Msimamizi wa kituo alikuwa Delphine Battle, mwanamke wa makamo, mwanafunzi wake wa zamani. Ni Arletha aliyemfundisha kazi ile, akamtia kichwani kwamba aliyemo kwenye daftari asirudishwe hata mbingu zikianguka, na asiyemo asipenye hata akiwa mamake. Delphine aliwapokea kwa bashasha. Jina la Ozella alilipata mara moja. Akarudi kwenye herufi ya dada mtu, akaweka rula chini ya mstari, akaishusha, akaipandisha. Akaomba radhi akaingia jikoni na simu. Alipotoka alikuwa na macho mekundu, akamvuta Ozella pembeni, karibu na sinia za keki.

"Mama Pettway, Profesa kafutwa. Tangu kiangazi. Ni amri ya hakimu ya ulezi. Ulijua?"

Ozella alisema yeye aliomba aweze kulipia dawa. Alisema hivyo mara mbili, kana kwamba Delphine ndiye hakimu.

"Ungeomba wa sehemu, kura angebaki nayo," Delphine akasema kwa sauti ya chini. "Kamili ndiyo inayochukua vyote. Wakili hakukuambia?"

"Aliniuliza kama nina swali."

Akauliza kama hakimu hawezi kupigiwa simu sasa hivi. Delphine akatikisa kichwa. Hakimu huyohuyo ndiye mkuu wa uchaguzi wa kaunti. Ndivyo ilivyo kwetu, mkono unaokuandika mwendawazimu ndio unaofungua masanduku ya kura. Kilichobaki ni kura ya bahasha, ile anayopewa mtu ambaye jina lake lina mushkeli, ikafungwa peke yake na kupelekwa mahakamani kuchunguzwa. Delphine alijua itakavyochunguzwa. Ozella naye, kwa uso ule, akajua. Lakini akawaza, acha apige, afurahi, atabandikwa kifuani ile stika ya waliopiga kura na kesho hatakumbuka. Akaitikia kwa kichwa.

Arletha aliipokea bahasha, akaigeuza, akaisoma yote taratibu, maandishi madogo kwa makubwa. 

"Delphine, nani alikufundisha habari za bahasha hizi?"

"Wewe, Profesa."

"Nilikwambia zinaishia wapi?"

Delphine akainamisha macho kwenye daftari. Arletha akamwuliza tena, kwa sauti ileile ya darasani ambayo watu wa miji mitatu waliwahi kuiogopa.

"Kwenye kapu la takataka," Delphine akasema.

"Basi usinipe mimi." Akaiweka mezani, akainyoosha vizuri ilingane na ukingo. "Safari hii wamesema nimefanya nini?"

Aliuliza kama mtu aliyezoea kuangushwa, anayetaka tu kujua sababu ya mwaka huu. Macho ya Delphine yakamwendea Ozella, na Ozella akaona hana pa kujificha.

"Hujafanya kitu, dada. Ni mimi. Niliomba ulezi wako mahakamani."

"Wa sehemu au kamili?"

Mungu alikuwa na ukatili gani siku ile, kumrudishia akili yake kwa dakika hizo tu? Mwezi mzima hakujua jina la mama anayemwogesha, na sasa amesimama pale, mzima kuliko wote ukumbini.

"Kamili," Ozella akasema.

"Kwa nini kamili?"

"Nilijua watanipa nusu."

Arletha alimtazama. Laiti angemtukana, laiti angempiga mbele ya kanisa zima. Alimtazama kwa upole, kwa makini, jinsi alivyowatazama watu wa foleni kutoka kwenye benchi lake, vile viangazi viwili, kabla Ozella hajajua kwamba mtu anaweza kutazamwa hivyo.

"Na wakakupa yote," akasema.

"Wakanipa yote, dada."

Arletha akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akampa aziweke mkobani. Kisha akaanza kutoka. Delphine alimwita Ozella kwa nyuma, akimkumbusha kwamba jina lake yeye lipo, karatasi yake iko tayari, ni dakika moja tu. Ozella aligeuka akaiona ile karatasi mezani. Akamwona dada yake ameshafika nje, anashuka peke yake kuelekea barabarani bila kutazama magari. Akamkimbilia. Baada ya hapo mlango wa ule ukumbi ulikuwa mzito kwake kuliko mlango wa mahakama, na jioni vituo vikafungwa naye hajapiga kura.

Mchana alimpigia simu Haskew. Kijana wa watu alisikitika kwa dhati. Alisema inawezekana kuomba upya, hakimu aongeze kifungu cha kumrudishia kura, ila daktari itabidi aje tena na maswali.

"Maswali yaleyale?"

"Yaleyale, mama."

Ozella akamshukuru akakata simu. Akaketi kwenye ile sofa mpaka giza likaingia, hakuwasha taa, na kwa mara ya kwanza yale maneno aliyoyasikia tangu utoto yakampitia kichwani kwa mpangilio, moja baada ya jingine, mtu haulizi, huomba yote, huondoka upesi. Dada yake alikuwa amemwandika yeye. Alikuwa amewafundisha nusu ya wataalamu wa Marekani jinsi ya kumwona Ozella, na Ozella alikuwa jikoni.

Asubuhi Ozella alikuwa akikoroga uji wa mahindi Arletha alipoingia na gauni la kulalia, uso mtupu usio na jana ndani yake.

"Jana ilikuwa ni uchaguzi," akasema, akivuta kiti.

"Ndiyo, dada."

"Tulipiga?"

"Tulipiga."

"Sote wawili?"

"Sote wawili."

"Kura zetu zilihesabiwa?"

Ozella alizima jiko, akampakulia uji na kumpa kijiko. Angeweza kusema kwani ulidhani wamezila, mzaha wao wa zamani, lakini mdomo ulimkatalia. "Zilihesabiwa."

"Umejuaje?"

"Niliwapigia simu mahakamani. Nikawauliza."

"Wewe?" Arletha akaweka kijiko chini. "Wewe, Ozella, uliwapigia ukawauliza?"

"Niliwauliza, dada. Wakanisomea hesabu."

Uso wa Profesa Crowder ulifunguka kwa furaha ambayo Ozella hakuwahi kuiona, si siku ya shahada wala siku ile sheria ilipopita. Akamshika mkono juu ya meza, akaubana.

"Miaka yote hii nilidhani hunisikilizi," akasema. "Kumbe nilikufundisha."

Akala uji wake wote, akaomba mwingine. Kesho yake akauliza tena, na Ozella akajibu vilevile.